Kivuli cha Mkwaju: Tathmini ya Miezi Mitano ya Kazi ya Msimu Kambini, Kaskazini ya Dodoma

Tulipofika mwishoni mwa Mei katika kambi ya wasafiri tuliyoajiriwa kwa msimu, meneja alituonyesha nafasi tatu za kuegesha gari letu la kuishi, nasi tukachagua iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ilikuwa chini ya mbuyu mnene, juu kidogo ya mwinuko, na asubuhi mtu aliweza kuliona bonde lote mpaka vilima vya mbali. Mimi na mume wangu tumekulia mkoani Dodoma, hivyo hatukuwa na kisingizio cha kusahau kwamba mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na kwamba msimu wa wageni, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kiangazi chenyewe. Kivuli tulichokipenda siku ile kilikuwa cha majani ya mwisho. Kufikia katikati ya Juni tulikuwa tukiishi ndani ya kopo la bati lililoanikwa juani, na usiku upepo ulipovuma mabuyu yalidondoka juu ya paa kwa kishindo kilichomfanya mlinzi apulize filimbi mara mbili katika wiki moja.

Nimeanza na habari ya mti kwa makusudi. Kwa mtu anayefanya kazi ya msimu huku akiishi ndani ya gari lake, mshahara ni nusu ya malipo, na nusu ya pili ni mahali gari linaposimama, pamoja na maji, umeme, kivuli na choo vinavyoambatana na mahali hapo. Sisi tulijadiliana na mwajiri kuhusu nusu ya kwanza kwa siku mbili na kuhusu nusu ya pili kwa dakika kumi, na sehemu kubwa ya usumbufu ninaoueleza hapa ilitokana na hesabu hiyo mbovu.

Kambi yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na mengi kati ya hayo yalikwisha kwa mazungumzo. Inatosha kusema kwamba iko pembeni ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, mbele ya Mayamaya, na kwamba isingekuwapo bila barabara hiyo. Kabla ya lami ya kilomita 251 kuzinduliwa mwaka 2018, wasafiri wengi waliotoka Arusha kwenda Iringa walikuwa radhi kuzunguka kwa Chalinze na Morogoro kuliko kuyavunja magari yao katika mashimo ya Kondoa. Sasa wanaoshuka kutoka Cairo kwenda Cape Town kwa malori yaliyogeuzwa nyumba, kwa pikipiki na hata kwa baiskeli hupita hapa, wengi wao wakiwa wametoka kuona michoro ya miambani kule Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kundi la pili ni familia za Dar es Salaam, ambazo tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 huja Ijumaa jioni na watoto, hukodi mahema yetu, na hurudi Jumapili na boksi la zabibu na vumbi masikioni. Kundi la tatu huja Agosti, nalo lina habari yake.

Gari letu ni Toyota Coaster iliyostaafu safari za abiria. Injini yake ni ile 1HZ ya dizeli, lita 4.2, isiyo na kompyuta yoyote, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua, maana hata ikikuharibikia Chemba usiku atapatikana kijana mwenye spana anayeijua. Fundi wa kuchomelea wa mjini aling'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele, akajenga kitanda cha futi tano kwa sita upande wa nyuma, kabati refu, meza ya kukunja, na sehemu ya jiko la gesi la plati mbili, huku mtungi wa kilo 15 ukikaa nje katika kizimba cha nondo. Chini ya kitanda kuna tangi la lita 200. Kazi yake ya vyuma siilaumu hata kidogo, kwani tumepita katika matuta na makorongo bila kiungo kimoja kuachia. Lakini alibandika plaiwudi moja kwa moja kwenye bati la paa bila kuweka tabaka la sponji katikati, na kosa hilo tumelilipia kila siku kati ya saa saba mchana na saa kumi alasiri, saa ambazo hakuna binadamu aliyeweza kukaa ndani. Madirisha makubwa ya Coaster, ambayo tuliyahesabu kuwa faida, huingiza hewa nzuri Juni na huingiza shamba zima la mtu Septemba. Anayejenga gari kama hili kwa ajili ya Dodoma na azibe nusu ya madirisha hayo tangu mwanzo, ashone chandarua kwenye yanayobaki, na apake paa rangi nyeupe.

Kazi tuliyoajiriwa kuifanya ilielezwa kwa maneno mawili, mapokezi na matengenezo, na kila neno lilikuwa na tumbo kubwa. Mapokezi, ambayo yalikuwa yangu, yalimaanisha kuandikisha wageni, kuwaonyesha nafasi, kupokea fedha, kupika chai, chapati na mayai kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kufua mashuka ya mahema ya kukodi, na kueleza mara kumi kwa siku kwa nini maji ya bombani yana ladha ya chumvi. Matengenezo yalimaanisha kwamba mume wangu alikata kuni, akawasha moto chini ya pipa la maji ya kuogea kila saa kumi jioni, akazibua mabomba, akaziba pancha za wageni zilizosababishwa na miiba ya migunga, na akawasaidia walinzi hadi saa nne usiku. Vyoo tulisafisha kwa zamu. Tangazo la kazi halikutaja vyoo, na ninaona ni haki kumwambia msomaji mapema kwamba katika kambi yoyote usafi wa vyoo ndio kazi, na mengine yote ni nyongeza yake.

Hilo lilidhihirika Agosti. Wakati wa maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni nyumba za kulala wageni mjini hujaa, na watu walioleta mashine, mbegu na mifugo wakaanza kuulizia mahema kwetu. Meneja, ambaye ni mtu mwema lakini hajui kumwambia mteja hapana, alipokea watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wa kambi. Siku ya tano shimo la majitaka lilijaa. Kilichoongeza tatizo ni wageni wa malori, ambao wengi wana vyoo vya kubeba vyenye dawa ya kemikali ndani ya magari yao, na kwa kuwa kambi haikuwa na mahali maalumu pa kuvimwagia walivimwaga katika vyoo vya kawaida. Dawa hiyo huua vijidudu vinavyosaidia kinyesi kuoza shimoni, na shimo lisilooza hujaa haraka. Gari la kunyonya majitaka lilichukua siku mbili kufika kwa sababu nalo lilikuwa Nzuguni. Siku hizo mbili sitazisimulia.

Kuhusu umeme, gari lina paneli mbili za wati 200 na betri ya risasi ya ampea-saa (Ah) 200, ambayo kwa volti 12 hutoa kilowati-saa 2.4 kwenye karatasi, ingawa anayetaka idumu hutumia nusu tu ya hizo. Kwa jua la Dodoma nusu hiyo ilirudi kabla ya saa nane mchana karibu kila siku, na ilitosha taa, simu, feni ndogo ya dari na friji ya lita 40, mradi mtu apande juu asubuhi kufuta vumbi. Pasi na birika la umeme havimo katika hesabu hii. Kwa vifaa hivyo tulitegemea umeme wa kambi, na hapo ndipo ugomvi wetu wa kwanza na mwajiri ulipotokea, kwa sababu tuliahidiwa umeme bila kuambiwa kwamba waya wetu ungepita kwenye mita moja ya LUKU na jiko la wageni na pampu ya kisima. Uniti zilipoisha katikati ya mwezi kila mtu alimtazama mwenye Coaster. Tulinunua mita ndogo ya kuhesabia, tukaifunga kwenye waya wetu, na baada ya wiki tatu ikaonyesha kwamba mla uniti alikuwa pampu. Mita hiyo ilimaliza maneno yote, na ninaihesabu kuwa kifaa bora kuliko vyote tulivyonunua msimu huu, friji ikiwemo.

Maji yalikuwa suala gumu zaidi. Kisima cha kambi kina maji ya chumvi, kama visima vingi vya ukanda huu, na maji hayo yanafaa kuogea na kufulia lakini huacha utando mweupe ndani ya birika, kwenye bomba la kuogea na hatimaye kwenye pampu ndogo ya gari, ambayo ilikufa katika mwezi wetu wa tatu pale. Maji ya kunywa na kupikia yaliletwa na boza kutoka mjini mara moja kwa wiki. Kwa mgao wa wafanyakazi tulipata madumu sita ya lita 20 kwa watu wawili, kiasi kinachotosha kwa nidhamu na kisichotosha kama una mgeni. Tulijifunza kuosha vyombo kwa maji ya chumvi na kuvisuuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi ya boza, kama bibi zetu walivyofanya bila kuhitaji gari la kuishi wala tathmini.

Mwezi Julai walikuja wazee wawili wastaafu kutoka Marekani, mke na mume, wenye lori walilolisafirisha kwa meli, nao ndio waliotueleza kwamba maisha tuliyodhani tumeyabuni sisi yana utaratibu uliozoeleka kwao. Huko watu wengi, hasa wastaafu, huhama na nyumba zao za magurudumu kufuata kazi za kambi za kiangazi, na Oktoba baadhi yao huelekea mashamba ya viazisukari ya North Dakota na Minnesota kwa majuma machache ya mavuno. Wao wenyewe walikuwa wametunza kambi kwa misimu mitatu. Yule mama aliniuliza maswali yanayofuatana kama karani wa benki: je, nafasi yenu ina umeme wa ampea ngapi, bomba la maji liko umbali gani, majitaka yanakwenda wapi, na saa mnazofanya kazi kulipia nafasi zinahesabiwaje kabla ya saa za mshahara? Sikuwa na jibu hata moja. Kwao nafasi nyingi huwa na nguzo fupi yenye soketi ya ampea 30 au 50, bomba lake na tundu la majitaka, na mfanyakazi anajua kabla hajawasha gari ni saa ngapi za kazi zinalipia nafasi hiyo na ni zipi zinazolipwa fedha. Nakiri nilijisikia mshamba kidogo, hadi mume wangu alipogundua kwamba lori lao limeundwa kwa volti 120 na kwamba mlinzi wetu alikuwa tayari ameshika waya wa volti 230 kwenda kuwachomekea. Walikuwa na transfoma yao, lakini tangu siku hiyo swali la volti tuliliweka katika daftari la mapokezi, juu ya swali la chakula cha asubuhi.

Maswali ya mama yule yalinirudisha kwenye karatasi ambayo tulikuwa nayo na hatukuisoma vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na miongoni mwa mambo yanayopaswa kuandikwa ni ujira, jinsi unavyokokotolewa, na manufaa yoyote yanayotolewa kwa vitu badala ya fedha. Nafasi ya kuegesha gari, maji na umeme ni manufaa ya namna hiyo hasa, na katika karatasi yetu yalikuwa yamefupishwa kwa neno moja, malazi. Sheria hiyo hiyo inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Inatoa pia likizo yenye malipo kwa mfanyakazi wa msimu, hata kama hajafikisha miezi sita, jambo ambalo meneja alilisikia kwetu kwa mara ya kwanza na akaomba aende kuliuliza. Katika wiki ya Nane Nane tulifanya kazi saa kumi na moja kwa siku, na malipo ya awali yalihesabiwa kana kwamba ni siku za kawaida. Tulimpelekea daftari la zamu, bila kelele na bila kutishia kwenda popote. Alilipa tofauti mwishoni mwa mwezi uliofuata, na suala la likizo likaishia kwa siku za malipo zilizoongezwa Oktoba. Ninamsifu kwa hilo, ingawa ningemsifu zaidi kama daftari lisingehitajika.

Mshahara ulikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, na chakula cha mchana, ambacho mara nyingi kilikuwa ugali na mlenda na mara chache nyama. Kodi ya nyumba hatukulipa, nauli hatukulipa, na mafuta ya gari hayakuzidi tangi moja kwa msimu mzima kwa kuwa gari halikuondoka. Matumizi yaliyotushangaza yalikuwa mengine: pampu mpya, turubai mbili zilizochanwa na upepo, gesi iliyoisha haraka kuliko nyumbani kwa sababu ya kuchemsha maji ya kunywa, na matairi yaliyoanza kupasuka ubavuni kwa kusimama juani bila kufunikwa. Tulimaliza Oktoba na akiba ambayo kazi ya mapokezi mjini isingeniachia, na haingekuwapo kabisa kama tungekuwa na mtoto wa shule.

Upepo nao una sura yake. Kuanzia Agosti unavuma kutoka mashariki karibu kila alasiri, na juu ya mwinuko wetu wa mandhari ulilitikisa gari kiasi kwamba chai ilimwagika mezani. Mwanzoni mwa Septemba nilimwomba meneja tuhamie nafasi namba saba, iliyokuwa imeachwa wazi kwa sababu wageni waliona haina cha kutazama: iko bondeni, nyuma ya stoo, chini ya mkwaju mkubwa. Mkwaju haufanani na mbuyu, kwani majani yake hubaki wakati mengine yote yamekauka, na chini yake joto la alasiri lilipungua kiasi kwamba kwa mara ya kwanza tuliweza kula chakula cha mchana ndani. Bomba liko hatua kumi. Siku ya kwanza pale nililala usingizi wa mchana, nikaamka nikiwa na hasira na miezi mitatu iliyopita.

Majirani wa kambi walituzoea taratibu. Mzee mmoja wa Kigogo aliyepitisha mbuzi wake kila asubuhi alianza kwa kutusalimu "Mbukwa" na kumuuliza mume wangu kama basi limeharibika. Wiki ya tatu aliuliza kama fundi bado hajapatikana. Wiki ya sita alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hata mimi niliwahi kukosa nyumba," na kutuletea kibuyu cha maziwa. Hatukumrekebisha. Siku yetu ya mapumziko ilikuwa Jumamosi, nasi tuliomba iwe hiyo ili twende mnada wa Msalato, ambako nyama choma na vitunguu vya wiki nzima vilipatikana katika safari moja ya kudandia lori la mtu.

Kwa nani kazi hii inafaa? Inafaa kwa watu wawili wanaoelewana, wasio na mtoto wa shule, ambao mmoja wao anaweza kutengeneza kitu kwa mikono yake. Kwa mtu mmoja peke yake ningesita, kwa sababu zamu ya usiku na ile ya chai ya asubuhi zikimwangukia huyo huyo, gari linabaki kuwa kabati la nguo tu. Kwa anayetaka kuona mbuga na wanyama, hapa si mahali pake. Katika miezi mitano nimeona digidigi, kanga wengi, na fisi mmoja aliyekuwa na haraka. Kambi kama mwajiri ninaipa alama tatu kwa tano, nafasi ya mbuyu alama moja, nafasi ya mkwaju nne na nusu.

Mwezi uliopita meneja alituandikia akitutaka turudi Juni. Safari hii rasimu ya mkataba ilikuja na kurasa tatu: saa za kazi zimetajwa, zamu ya vyoo imetajwa, siku ya mapumziko imetajwa, na nafasi namba saba imeandikwa kwa namba yake, pamoja na madumu nane ya maji baridi kwa wiki. Kwenye umeme wameandika "kwa makubaliano". Tumeirudisha tukiomba waweke idadi ya uniti kwa mwezi, na tukaambatanisha usomaji wa ile mita yetu ndogo kuanzia Julai hadi Oktoba. Hadi leo ninapoandika, rasimu iko kwa meneja na Coaster iko kwa fundi, paa likiwa limevuliwa plaiwudi, likisubiri sponji.